Stima ya Baba Mkwe na Mgongo wa Mama Mkwe

Nakumbuka mlango, mwanangu. Wazee wenzangu hukumbuka njaa, au mchumba wao wa kwanza, au siku bendera ilipopanda. Mimi nakumbuka mlango wa kijani wa ukumbi mmoja pale Homa Bay, miaka ya sitini, Uhuru wetu ukiwa bado mbichi. Nilisimama nyuma ya mlango huo nikiwa na koti la kuazima, mtu wa serikali akaita jina langu mara tatu, nami sikuitika. Bei ya stima ya soko letu iliamuliwa asubuhi hiyo. Maisha ya shangazi yangu yaliamuliwa asubuhi hiyo hiyo. Nilikuwa umbali wa hatua kumi hivi, nahesabu misumari.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu yako tangazo kwamba wananchi wanaitwa Homa Bay kutoa maoni kuhusu bei ya stima, ukacheka, ukasema, "Mzee, nani ana wakati wa kwenda kukalia viti vya plastiki siku nzima?" Nikacheka nawe. Ulipoondoka nikashindwa kumaliza chakula, na wewe unanijua mimi na sahani yangu. Hilo si jambo dogo.

Basi kaa, nikuhadithie jinsi mtu anavyoweza kuwa na elimu, na karatasi, na sheria upande wake, na bado akawa bure kabisa.

Mimi nimekuwa mtu wa nyumbani tangu nizaliwe. Nilifika kidato cha nne, jambo ambalo siku zile lilimfanya mtu aitwe msomi hata na watu wasiompenda. Wenzangu walichukua vyeti vyao wakaenda Kisumu na Nairobi. Mimi nilichukua changu nikarudi nacho nyumbani, nikakiweka chini ya godoro, nikalala juu yake. Niliipenda nyumba yetu. Nilipenda kujua kuku gani ametaga na nani amepita njiani. Baba alisema amesomesha mlinzi wa boma kwa gharama kubwa kuliko boma lenyewe.

Soko letu liko kwenye njia ya kutoka mgodi wa Macalder kwenda ziwani. Mgodi ulipokuwa unafunga kazi, mashine zake ziliuzwa moja moja, na Mzee Ogola, mwenye duka kubwa kuliko yote pale sokoni, akanunua injini ya kuzalisha stima. Akasimamisha nguzo za miti, akavuta nyaya, na jioni moja maduka yakawaka. Tuliizunguka balbu ya kwanza kama kumbikumbi. Kumbikumbi wenyewe nao wakaja, tukawaokota tukala. Toka siku ile Mzee Ogola akaitwa Ja-Stima, mtu wa stima, na jina hilo alilivaa kama kofia.

Hakukuwa na mita. Kila mwisho wa mwezi Ja-Stima alipita mwenyewe, anachungulia dari, anahesabu balbu. Iliyoungua ilihesabiwa pia, kwa sababu, alisema, ilipokuwa hai ilikula. Injini iliwashwa alipotaka na kuzimwa alipotaka. Akienda matangani, ufunguo wa kibanda cha injini ulikwenda naye mfukoni, na wewe unajua matanga ya kwetu hayaishi siku moja.

Hapo ndipo anapoingia shangazi yangu Dorsila, dada ya baba, ambaye sisi watoto wa kaka yake tulimwita Waya, yaani shangazi kwa lugha yetu. Mume wake alifariki akamwachia watoto wawili na maksai wawili. Aliwauza maksai, akanunua friji ya Mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Watu walimcheka. Mwanamke mjane, chumba kimoja cha kupanga sokoni, na ndani yake friji kubwa kuliko kitanda. Lakini Waya alikuwa ameona mbali. Alipanda gari la alfajiri hadi Karungu, akanunua ngege wakiwa bado wanapiga mikia, na siku ambazo wenzake waliuza kwa hasara kabla samaki hawajalainika, yeye aliweka wake ndani, akauza kesho, na kesho kutwa. Watoto wake wote wawili walikuwa shuleni kwa friji hiyo.

Ja-Stima aliihesabu friji kama balbu kumi. Mwaka uliofuata, bila friji kurefuka hata kidole, ikawa balbu ishirini. Halafu akaenda matangani Kanyamkago, siku tatu, na ufunguo. Waya alizika samaki nyuma ya choo kwa jembe la kuazima. Aliporudi yule mzee, Waya alimwendea dukani, na mimi nilikuwepo nikinunua chumvi.

"Ogola, ungeniambia tu unasafiri. Ningejua nisinunue."

"Dorsila, mimi nikisafiri niage soko zima? Kama stima yangu ni mbaya, jua lipo. Jua halijapandisha bei."

"Jua halijawahi kupoza samaki."

"Basi ulipe balbu zako ishirini."

Nilirudi nyumbani na chumvi yangu. Sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa na sababu. Nitaifikia.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa chifu kutafuta barua, nikakuta tangazo limebandikwa mlangoni, kwa Kiingereza, kona yake ya chini imeliwa na mbuzi. Nilikuwa wa kwanza kulisoma, ukimwacha mbuzi. Lilisema kwamba anayeuzia umma stima lazima awe na leseni. Lilisema Mzee Ogola ameomba leseni hiyo, na bei anayotaka, na kwamba mtumiaji yeyote mwenye pingamizi aandike, na pingamizi lake litasikilizwa Homa Bay kabla leseni haijatolewa. Nililisoma mara mbili. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba bei ya balbu ni kitu kinachoulizwa. Nilidhani ni kama mvua.

Nikamwambia Waya. Sijui kwa nini nilimwambia. Nafikiri nilitaka anione msomi.

Alinikalisha juu ya debe, akaniletea karatasi, na tukaandika. Yeye alisema kwa Dholuo, mimi nikageuza kwa Kiingereza kizito cha kidato cha nne. Tuliomba kila mtumiaji awe na mita, alipe alichotumia. Tuliomba saa za injini zitangazwe, na asikatiwe mtu bila kuonywa kwanza. Ukurasa wa pili nilieleza mita hizo zitalipiwaje, kidogo kidogo ndani ya bei, ili mzee naye asiumie. Nilijivunia sana ukurasa huo. Wenye maduka zaidi ya thelathini walitia sahihi au dole gumba. Wote walisema, "Tumemtuma msomi," wakarudi kukaa.

Jibu likaja na muhuri. Mwandishi wa pingamizi afike mwenyewe, ahojiwe juu ya maandishi yake.

Sasa ile sababu. Miezi michache kabla ya hayo, ng'ombe wa baba walikuwa wamevuka kwenda boma la Ja-Stima. Nilikuwa namwoa binti yake, Anjelina. Na aliyeongoza maneno ya posa hiyo, tangu siku ya kwanza, alikuwa Waya mwenyewe.

Nyinyi watoto wa leo mnasalimiana na mama mkwe kwa kukumbatiana na kupiga picha. Sisi mama mkwe, maro kwa lugha yetu, hukumshika mkono. Hukula chumba alimo. Hukupaza sauti mahali anaposikia, sembuse kumtuhumu mume wake mbele yake. Mimi niliwahi kujificha ndani ya mtama asubuhi nzima kwa sababu maro alisimama njiani kuongea na mtu. Kwa kijana wa kawaida hiyo ilikuwa heshima. Kwa mwoga kama mimi ilikuwa likizo.

"Waya, yule ni baba mkwe wangu," nikamwambia.

"Ogola akikasirika atapoa. Samaki wangu wakioza watabaki wameoza. Utasema na afisa, hutasema na Ogola."

"Na maro akija?"

"Hilo niachie mimi."

Sikuuliza atalifanyaje. Niliridhika kwamba ni la mtu mwingine.

Basi lilituchukua alfajiri. Nilitapika Migori, nikatapika tena Rongo, na wakati wote Waya ameshika bahasha yangu kifuani ili isichafuke. Tulipofika Homa Bay alitangulia ukumbini kushika nafasi, mimi nikatafuta maji ya kusukutua. Kisha nikaja mlangoni, nikachungulia.

Afisa alikuwa kijana mweusi kama sisi, ana miwani, karatasi zimepangwa mbele yake. Kulia Ja-Stima, suti ya kijivu. Waya kwenye benchi la mbele, peke yake. Wale waliotia sahihi, wote zaidi ya thelathini, sikuona hata mmoja. Na pembeni, karibu na dirisha, kwenye kiti, maro.

Alikuwa amekigeuza kiti. Watu wote ukumbini walimtazama afisa, yeye peke yake alitazama ukuta. Alikuwa ameshusha kitambaa cheupe kikafunika kichwa na mabega, na alikuwa ametupa mgongo wake, mwanangu, mgongo mzima, ulionyooka, hautikisiki.

Miguu yangu ikaisha. Nilijua, au nilidhani najua. Amekuja kunikana. Amesikia mkwe wake anakuja kumvua nguo mume wake mbele ya serikali, na amekuja kuniambia kwa mgongo kwamba sina tena mama mkwe. Niliwaona ng'ombe wakirudi. Nilimwona Anjelina akiolewa na mtu mwingine, huko Kadem.

Jina langu likaitwa.

Waya aligeuka kutazama mlango. Ulikuwa na ufa, na kwenye ufa huo macho yetu yakakutana. Jina likaitwa mara ya pili. Alinitazama bila hasira, akiinua kidevu kidogo kuelekea kule kwenye kiti, kama mtu anayekuonyesha kitu. Nilidhani ananionyesha adui. Nikarudi nyuma hatua moja.

Jina likaitwa mara ya tatu.

"Mama, mwenye barua hii mmekuja naye?" afisa akauliza.

Waya akaondoa macho yake kwenye ufa.

"Hajafika," akasema.

Angeweza kusema nipo mlangoni. Angeweza kuja kunivuta kwa sikio, na haki alikuwa nayo, ni dada ya baba yangu. Alinifunika. Aliifunika aibu yangu kwa samaki wake, na kwa watoto wake wawili.

Akasimama kusema mwenyewe, Kiswahili chake kidogo na Dholuo kingi, na karani akajaribu kutafsiri. Alieleza friji, na matanga, na jembe la kuazima. Ukumbi ulicheka aliposema alizika samaki wengi kuliko watu waliokwenda kuzika Kanyamkago. Afisa hakucheka. Alikuwa anaandika.

"Hizi mita mnazoomba, nani atalipia?"

Waya hakujua. Lilikuwa kwenye ukurasa wa pili, kwa Kiingereza changu kizito. Nyuma ya mlango midomo yangu ilijibu, neno kwa neno, bila sauti.

"Mheshimiwa," Ja-Stima akasema, "watu wangu hawana neno. Wangekuwa na neno wangekuwa hapa. Huyu mama ni jirani yangu, ana uchungu wa mume, tunamvumilia."

Afisa alisubiri. Hilo namshuhudia. Alikunywa chai, akatazama mlango, akatazama saa yake. Mwishowe akamwambia Waya kwa upole, "Mama, nakusikia. Lakini barua hii naweza kuitumia tu kama mwenyewe ataijibia. Nikiiandika bila mtu, huyu mzee ataipinga kesho na atashinda."

Akatoa leseni. Bei kama ilivyoombwa, na saa za injini kwa kadiri mwenye leseni atakavyoona inafaa. Sikusubiri muhuri upigwe. Nilikimbilia stendi, na basi la kwanza la kurudi nyumbani nililipenda kuliko nilivyompenda Anjelina.

Waya alifika kesho yake, akanikuta nimekaa mlangoni kwetu kama kawaida yangu.

"Uliuona mgongo wake?" akauliza.

"Niliuona."

"Uliuona vizuri?"

"Niliuona, Waya."

Alitikisa kichwa polepole, akaenda. Hakunitukana. Hakulitaja tena jambo lile mpaka anaingia kaburini.

Yaliyofuata hayana maneno mengi. Watu wa mgodini wakaendelea kuhama, wateja wakapungua, na dizeli ya injini ikabaki ile ile. Ja-Stima akawagawia waliobaki mzigo wa walioondoka. Kila aliyeshindwa akakatiwa, na kila aliyekatiwa akamfanya jirani yake alipe zaidi, na jirani naye akashindwa. Leseni ilimruhusu. Friji ya Waya ikafika balbu arobaini. Alikatiwa siku ya soko, imejaa. Safari hii hakuazima jembe. Aliacha mlango wa friji wazi, mbwa wakala.

Watoto wakatoka shule. Waya akaenda Osiri kuponda mawe ya dhahabu na wanawake wengine, akapepeta vumbi kwa mtu mwingine hadi kifua kikamshinda. Nilimtembelea mara mbili. Mara zote alinipikia. Friji aliiacha nyumbani kwa baba, kuku wakaanza kutagia ndani, na mimi, mtu wa nyumbani, nilikuwa naokota mayai humo kila asubuhi.

Ja-Stima alilisikia jina langu likiitwa, lakini kwake mkwe asiyefika alikuwa mkwe aliyeridhika. Siku ya arusi alinipa zawadi ya balbu moja ya bure nyumbani kwangu. Nilisoma gazeti chini yake miezi mitatu. Kisha injini ikafa, na hakukuwa na wateja wa kutosha kuifufua, na watu wakaiba nyaya wakafanyia mitego ya ndege.

Waya alikuwa ameshazikwa miaka kadhaa Anjelina aliponiambia. Tulikuwa tunamenya karanga. Nilikuwa nimetaja, kwa mzaha wangu wa kijinga, ile siku mama yake alipokuja hadi Homa Bay kunitupia mgongo.

Anjelina akaacha kumenya.

"Kukutupia? Waya wako alikwenda kwa mama Jumapili kabla ya kikao kumwomba aje. Mama hakuweza kumwambia baba kitu, alitaka serikali imwambie. Alisema, nitakaa nitazame ukuta nijifunike, ili mkwe wangu ahesabu sipo, aseme yote. Alisafiri kutwa nzima na maumivu yake ya kiuno kukufungulia njia."

Niliendelea kumenya karanga. Sikujua mikono ifanye nini kingine.

"Alitusimulia aliporudi," Anjelina akasema. "Alisema alisubiri sauti yako hadi shingo ikauma."

Sasa elewa, mwanangu, kinachonikosesha usingizi siku hizi si kwamba niliogopa. Woga mimi nimeuzoea, tunaishi pamoja. Ni lile jibu langu. Waya aliniuliza kama niliuona mgongo, nikasema niliuona. Kwa hiyo alikufa akiamini kwamba mtoto wa kaka yake aliona njia imefunguliwa, akaielewa, akakataa kupita. Hakuna ukumbi tena wa kwenda kusahihisha hilo.

Ukitaka nasaha yangu, ichukue, ingawa sijui kama bado ina nguvu. Bei ya stima haishuki kutoka mbinguni. Inakatwa chumbani, na watu, asubuhi moja, na ndani ya chumba hicho sheria huwa imekuwekea kiti. Muuzaji hakosi kufika kwenye kiti chake. Anayelipa ndiye hafiki, na asiyefika huandikwa kwamba ameridhika. Kwa hiyo soma tangazo kabla ya mbuzi. Andika, lakini usiiache barua yako isimame peke yake, na usimtume msomi mmoja halafu mkarudi kukaa, maana msomi wenu anaweza kuwa mimi. Uliza mita. Uliza utaonywa lini kabla ya kukatiwa. Uliza nani anabeba mzigo wa aliyeondoka. Usilojua maana yake, uliza pia, hata kama ni mgongo wa mama mkwe wako, usijitafsirie kwa hofu yako.

Sitakudanganya kwamba ukienda bei itashuka. Nimezeeka nikiona vikao vingi, na bili bado zinakuja na majina ya tozo nisiyoyajua. Huenda ukasema vizuri na usisikilizwe. Lakini aibu hiyo itabeba jina lao. Langu mimi liliitwa mara tatu, na hakuna aliyenizuia.

Nenda Homa Bay, mwanangu. Koti langu lile la kuazima sikulirudisha, lipo, livae. Mungu aikaze miguu yako pale yangu ilipoisha. Akupe watu wa kwenda nawe, wasiwe dole gumba tu. Taa yako isizimwe na mtu asiyekuuliza. Na jina lako likiitwa, liitwe mara moja tu.